Tulivyochoma mawese yawe meupe kama ya kampuni, na macho ya mdogo wangu (Likasi, miaka ya tisini)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Nimepita kwenye ule uzi mnaobishania mafuta ya kula. Huyu anasema yaliyosafishwa kiwandani ni sumu, yule anasema ya kienyeji ni uchafu. Nimesoma kurasa zote, nikaweka simu chini, na siku nzima sikufanya kazi ya maana.

Basi nimeona nifungue wangu. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, aende nyuzi nyingine. Haya yalitokea nyumbani kwetu, na ninayaandika kwa aibu.

Mimi ni mtu wa Likasi, Kongo, ule upande wa Katanga wenye shaba. Kiswahili changu kimenyooshwa na miaka mingi ya kuishi huku kwenu, kwa hiyo msicheke watu wangu wakiongea kama tunavyoongea kwetu.

Twende.

Baba alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha kampuni ya shaba. Enzi za neema, wafanyakazi walipewa posho ya chakula kila mwezi: unga, samaki wa chumvi, na bati la mafuta meupe, maangavu kama maji.

Kwetu mafuta meupe yalikuwa cheo. Ukipika kwa meupe, wewe ni mtu wa kampuni, mtu wa mjini. Ukipika kwa mawese mekundu, watu wanakuona umeshuka juzi kutoka mugini, yaani kijijini.

Kisha kila kitu kikaanguka. Mishahara ikakatika, posho ikakatika. Majirani zetu wenye asili ya mkoa wa Kasai wakafukuzwa kwa chuki za kikabila, wakapanda treni na magodoro yao, na mtaa ukabaki na milango iliyofungwa kwa misumari. Baba akaenda Kambove kuchimba mawe kwa mikono, anarudi mara moja kwa miezi miwili.

Mama akaanza kununua mawese soko la Kikula. Hakukuwa na kingine.

Sasa hapa ndipo mimi ninapoingia, na sipendi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mawese yakidondoka kwenye shati jeupe la shule hayatoki, hata usugue na majivu. Wenzangu wakaona lile doa la njano kwenye kola, wakanibandika jina: Mugini. Asubuhi Mugini, mchana Mugini. Na wao kwao walikuwa wanakula hayohayo, ila walikuwa wajanja wa kuvua shati.

Nikarudi nyumbani nikasukuma sahani. Nikamwambia mama, "Minye sikule bintu bya batu ba mugini," yaani mimi sili vitu vya watu wa kijijini.

Mama hakunipiga. Heri angenipiga. Siku ya pili nikasukuma tena.

Siku ya tatu mama akaenda kwa jirani mmoja aliyekuwa anauza mikate, hiyo mnayoita maandazi. Akarudi na ujuzi.

Ujuzi wenyewe ni huu. Unamimina mawese kwenye sufuria, unaweka kwenye mbabula, lile jiko la makaa, nje uani. Unayaacha yachemke mpaka yatoe moshi. Yanatoka kwenye wekundu, yanakuwa ya chungwa, kisha ya njano, mwisho yanabaki meupe kabisa. Moshi wake unawasha koo na macho. Mama alikuwa anafunika uso kwa kitenge, machozi yanamtoka, huku anafurahi.

Yakipoa, anayamimina kwenye lile bati la zamani la kampuni. Bati linakaa dirishani, anayepita alione.

Nikala, wakuu. Nikala na kuomba nyongeza.

Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka.

Mdogo wangu Mado alikuwa na miaka mitatu. Majani hakuyataka; sombe, yaani kisamvu, akilishwa anatema. Alichopenda ni bukari, ndiyo ugali wetu, anachovya kwenye mafuta yenye chumvi na kitunguu. Mama alimwachia, maana siku zile mtoto akila chochote ulishukuru Mungu.

Kikaanza kitu cha ajabu. Jua likishuka tu, Mado anakwenda kukaa ukutani, hatoki. Ukimwita anakuja na mikono mbele. Mara mbili alijikwaa kwenye mbabula.

Jioni moja nilikuwa nimesimama hatua mbili mbele yake, akaniita, "Yaya, uko wapi? Minye sikuone."

Yaya ni mimi, kaka mkubwa. Nilidhani anacheza. Nilicheka.

Jirani mwingine akasema mtoto ana macho ya kuku, kwa sababu kuku naye jua likizama haoni kitu. Mama akaogopa, akampeleka kwenye kikundi cha maombi. Wakamwambia kuna mtu amefunga macho ya mtoto, wakaamuru siku tatu za kufunga na kuomba. Na Mado akafungishwa, akapewa maji ya sukari tu.

Mimi ni muumini mpaka leo, sijaja kutukana kanisa la mtu. Lakini kumfungisha mtoto ambaye mwili wake tayari ulikuwa mtupu! Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Wiki chache baadaye ikapita surua. Watoto wengi waliugua, wengi wakapona. Mado naye akapona vipele, ila macho hayakupona. Yalikauka, yakapoteza ule ung'avu. Kisha kwenye jicho la kulia kikatokea kidoa cheupe.

Ndipo mama akambeba mgongoni mpaka zahanati, na mimi nyuma.

Muuguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole. Aliangalia macho kwa muda mrefu. Sisi tulitegemea aulize surua ilianza lini. Akauliza kuhusu chakula.

"Mama, unapikaka na mafuta gani?"

Mama akajibu kwa fahari kidogo kuwa ni meupe. Akaeleza na jinsi anavyoyafanya yawe meupe. Yule muuguzi akakaa chini.

"Ile rangi mwekundu njo dawa ya macho, mama. Unaichomaka kila siku."

Akaeleza taratibu. Ule wekundu wa mawese una kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini ya macho. Ukiyachoma mpaka yawe meupe, umekiua kitu hicho. Wakubwa wanaookota mapera na maembe huko mitaani hawaumii haraka, mdogo ndiye anayetangulia. Na surua ikimkuta hivyo, inamaliza.

Kisha akauliza kwa nini mama alianza kuyachoma.

Nilikuwa nimempakata Mado. Mama akanitazama. Nikajua sasa ananitaja, na ilikuwa haki yake.

Akasema, "Ni minye. Nilitaka sura nzuri."

Muuguzi hakuwa na ile dawa ya vitamini, ilikuwa imekwisha kitambo kama dawa nyingine zote. Akatuambia tumpe mawese mekundu mabichi, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Mama alimpa bila kukosa hata siku moja. Jicho la kushoto likabaki na ukungu, linaona mwanga na kivuli cha mtu. La kulia likanywea, likafa.

Baba aliporudi kutoka Kambove, mama alimwambia ni surua. Ukoo mzima unajua ni surua. Mama amekufa akiwa na siri hiyo, na hakuwahi kunisema hata siku moja, hata akiwa amekasirika. Kuna siku nilitamani anitukane tu tumalizane.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani. Mado sasa ni mtu mzima, alikuwa uani anachambua maharage kwa vidole. Nikamweleza yote: shati, lile jina, sahani niliyoisukuma, mama kujibebesha kosa langu.

Akaendelea na maharage. Nikangoja anilaumu.

Akauliza, "Na weye yaya, ulishibaka?"

Sauti yake haikuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli kama nilikuwa ninashiba. Nikaondoka Likasi bila kumjibu.

Nilichojifunza, wakuu. Sijui mafuta ya kiwandani yana nini, wataalamu wa lishe mpo humu, tuelezeni, na nasikia siku hizi viwanda vingine vinarudishia vitamini. Ninachojua ni kwamba mafuta kuwa meupe hakumaanishi ni safi, na yanayotoa moshi jikoni yanapoteza kitu hata kama hukioni. Mtoto wako akianza kupapasa jioni, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na mtoto wako mkubwa akisukuma sahani kwa sababu ya maneno ya wenzake, muache alale na njaa.

Uwanja ni wenu, nitasoma kila mtakachoandika kuhusu mafuta. Ila kama kuna mwenye jibu la swali la Mado, tafadhali aanze yeye.