Usaha wa Mzee Ilarie

Kwa miaka ishirini na sita nesi Saveta alikagua vidonda vya upasuaji katika hospitali moja chini ya milima ya Karpati, na kila alipoandika ukweli alichukiwa. Siku ya tisa tangu Mzee Ilarie apasuliwe ngiri, kijiti cha pamba cha Saveta kilizama mshononi mwa mzee hadi kwenye msuli, kikatoka na usaha.

“Maambukizi haya ni ya ndani, daktari. Kidonda kifunguliwe leo,” Saveta akamwambia daktari aliyempasua mzee.

“Andika kwenye fomu kuwa ni ya juujuu, dada. Ya ndani yataleta wakaguzi. Mzee, nenda nyumbani.”

“Usiende, mzee!”

“We mama, waniombea mabaya? Daktari kashasema!”

Ilarie akamkabidhi daktari chupa ya pombe ya matunda ya plamu kama shukrani, akashuka ngazi akishikilia kinena. Saveta akabaki, akaandika “ya ndani” huku daktari akinyoosha mkono aichukue fomu.