Pikipiki yangu ya kwanza enzi za Mwingereza: nilikagua kila kitu nikasahau mkwe atakaa wapi

Wakuu, habari za saa hizi. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazituma, maana kwa umri wangu sidhani kama humu jukwaani kuna mtu wa kumwamkia.

Juzi kijana mmoja kaleta uzi anauliza achukue pikipiki gani ya kwanza, hajawahi kuendesha barabarani. Mkamjaza cc, mkamjaza ulaji wa mafuta, wengine mkaanza kurushiana maneno kuhusu Mchina na Mhindi.

Nikacheka mpaka miwani ikanidondoka.

Basi na mimi niwape kisa changu. Ni kweli tupu, sina faida yoyote ya kuwadanganya watu nisiowajua hata sura. Picha sina, msiniombe.

Mwingereza alikuwa bado yupo. Mimi nilikuwa bwana mifugo msaidizi Handeni, nimepanga chumba Chanika, palepale mjini Handeni. Kijana wa Kizigua, suruali ya kaki imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwa wafugaji kule tambarare kuchanja ng'ombe. Usafiri wangu baiskeli. Jua la Handeni mnalijua wenyewe.

Mwanaidi nilimwona sokoni Korogwe. Alikuwa ameshuka na mama yake kutoka Kwashemshi, wanauza maharage. Sitaeleza sana, ila siku ile nilinunua maharage kama mtu mwenye watoto kumi, na chumbani kwangu sikuwa hata na sufuria.

Nikatuma mshenga.

Jibu la baba yake likaja hivi: kijana hatuna ubaya naye, lakini Handeni ni mbali, na huyu ndiye binti yetu pekee. Mama yake atamwonaje? Wakati huo usafiri ulikuwa lori, linapita siku linayojisikia.

Wakuu, nilikonda. Nilijua nikikosa jibu la swali hilo, nimemkosa Mwanaidi.

Nikamwambia mshenga: rudi ukamwambie mzee nanunua tukutuku. Ndivyo tulivyoita pikipiki siku hizo. Nitakuwa nakuja kumchukua mama mwenyewe, namleta kwa mwanawe, namrudisha.

Mzee akajibu neno moja tu: ailete tuione.

Hapo sasa ndipo penye uzi wenyewe.

Korogwe kulikuwa na duka la Mhindi mmoja, nitamwita Bwana Jivan. Aliuza misumari, vitambaa, taa za chemli, na nyuma ya duka pikipiki chache. Nilikuwa na akiba yangu, sikunywa wala sikuvuta. Nikaingia kifua mbele.

Nilikagua kama ninavyokagua ng'ombe mnadani. Nikabonyeza tairi, nikasikiliza injini, nikainama kutazama chini kama kuna mafuta yanayovuja. Nikachagua kubwa nyeusi, tangi linang'aa, mlio wake ukiwa Ngombezi huko nje ya mji unasikika Korogwe nzima. Siti ndefu ya watu wawili.

Pembeni yake kulikuwa na nyingine ya kijani, rangi inabambuka, imefungwa kigari cha abiria ubavuni chenye gurudumu lake. Alikuwa nayo msimamizi mmoja wa shamba la mkonge, akarudi kwao. Niliiona nikasema hii ni ya wazee. Sikuitazama mara mbili.

Kujifunza nilijifunza kwenye uwanja wa mpira. Nilianguka, nikaamka, nikaanguka tena. Klachi ilinitesa kuliko mtihani wa ualimu nilioufeli. Lakini leseni nikapata.

Siku ya kupanda Kwashemshi nilivaa koti. Milima ile, kona juu ya kona, vumbi jekundu, watoto wanakimbia nyuma. Nikafika uani kwao nikazima injini kwa madaha. Majirani wote wametoka.

Nikamwamkia mzee. Akaizunguka pikipiki taratibu, mikono nyuma.

"Nzuri," akasema. "Sasa mama Mwanaidi atakaa wapi?"

Nikapiga siti kwa furaha. "Hapa nyuma yangu, mzee. Atanishika kiuno, haanguki."

Majirani wakatazamana.

Mama mwenyewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunika kanga usoni akarudi ndani. Bibi mmoja jirani akatema mate chini.

Kwa ambao mmezaliwa juzi: kwetu Wazigua na kwao Washambaa, mkwe na mama mkwe wanastahiana. Hamkai mkeka mmoja. Hamtazamani usoni wala hamsemezani moja kwa moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Na hayo nilifundishwa tangu mdogo, ninayajua kama jina langu!

Halafu mimi, mbele ya kijiji kizima, nimesema mama mkwe atanikumbatia kiuno kutoka Kwashemshi mpaka Handeni.

Mzee alikohoa. "Rudi ukafikiri, kijana."

Niliteremka mlima kwa gia ya kwanza, natamani ardhi inimeze. Kwenye kona ya chini nikamkuta Mwanaidi, kasingizia kuni. Nikasema sasa ananiaga.

Alikuwa amekaa chini, anacheka mpaka machozi. "Ulitaka mama akushike kiuno wewe!" Akishindwa kuendelea anashika mbavu.

Na mimi nikaanza kucheka. Hapo ndipo nikajua huyu simwachi, na katikati ya kucheka nikakumbuka kile kigari cha kijani.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bwana Jivan kubadilisha. Nilidhani atanifukuza. Nilipomweleza sababu akaitikia kwa kichwa. "Mke wangu hajafunua uso mbele ya baba yangu mpaka leo," akasema. "Chukua ile. Mama akae kama malkia."

Ujuzi wa uwanja wa mpira ukawa kazi bure. Wale mtakaojaribu pikipiki yenye kigari cha pembeni, sikilizeni: hailali kwenye kona kama pikipiki ya kawaida. Ukiongeza moto inavuta kushoto, ukishika breki inavuta kulia. Mara ya kwanza niliingia kwenye shamba la mihogo la watu.

Nikapanda tena Kwashemshi. Safari hii mzee aliketi mwenyewe ndani ya kigari, akanyoosha miguu, akashika kingo.

"Hiki ni kiti chake peke yake," akawatangazia majirani, kisha akanigeukia. "Basi mpeleke mama sokoni Korogwe umrudishe. Atakalosema yeye ndilo."

Mama alipanda na jogoo wa kuuza, kanga kaivuta upande wangu. Nikaendesha macho mbele kama askari wa gwaride.

Baada ya kona mbili nikasikia: "Jogoo wewe, huyu anayetuendesha anakimbizwa na nani?"

Nikapunguza. "Jogoo, niwie radhi," nikasema.

"Jogoo, shimo lile."

"Jogoo, nimeliona."

Hivyo ndivyo tulivyozungumza mpaka Korogwe, heshima iko palepale. Ndege wa watu hakuwahi kuambiwa mambo mengi kiasi kile.

Tatizo likaja wakati wa kurudi: jogoo kauzwa.

Tukapanda mlima kimya. Nikajua nimeshindwa, maana mtu aliyeridhika hanyamazi hivyo.

Karibu na kwao akagusa mfuko aliokuwa amepakata.

"Chumvi," akasema, "hivi Handeni ni mbali?"

"Chumvi, ukitoka asubuhi, mchana umefika."

Akaupakata vizuri ule mfuko.

"Basi chumvi, nitakuwa nakwenda kumwona mwanangu."

Nilisimamisha pikipiki nikashuka kukagua gurudumu la nyuma ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Nililia pale, wakuu, kijana mzima na koti langu. Yeye alitazama upande wa bonde mpaka nilipomaliza.

Tulioana baada ya mavuno. Ile ya kijani ilipanda na kushuka Kwashemshi miaka mingi, na mimi na mama mkwe hatukuwahi kutazamana usoni. Lakini alipofariki, mtu wa kwanza kuishiwa nguvu msibani alikuwa mimi.

Funzo langu kwa yule kijana ni hili: cc utazizoea na mafuta utanunua. Kabla hujauliza bei, fikiria ni nani atakayepanda nawe, kisha utazame kama pikipiki hiyo ina nafasi yake ya heshima.

Mwanaidi yuko hapa kando, kasoma yote, anashika mbavu.

Karibuni mchangie. Na wewe, ya kwanza uliinunua ukimfikiria nani?