Nafasi Kabla ya Alama ya Kuulizia

Mniwie radhi, ndugu zangu. Nimekuwa kimya tangu tumzike Mzee Hamisi.

Leo nimemkuta ndani ya kompyuta.

Mimi na yeye ndio tuliotafsiri programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa dawa zao. Hamisi alijifunza kuchapa kwa taipureta, na katika kila swali aliacha nafasi kabla ya alama ya kuulizia. Nilimkaripia miaka yote.

"Mwalimu, mwache mgonjwa apumue kwanza," alikuwa akinijibu, huku anacheka.

Asubuhi Neema, binti wa kaka yangu anayeitunza programu hiyo, alikuja hapa kwangu Goba na kompyuta yake. Akaandika amri moja, ya kusafisha alama zote katika mafaili ya tafsiri.

Skrini ikajaa mistari: ya kijani itakayobaki, myekundu itakayofutwa.

Myekundu yote ilikuwa ya Hamisi.

"Umekula kwanza ?"
"Leo unajisikiaje ?"

Niliisikia sauti yake, wallahi.

"Shangazi, si ndiyo haya uliyokuwa unayalalamikia?" Neema akauliza. "Bonyeza Y tu, ya kukubali, yanyooke."

Kidole kikagoma.

Hapo hapo simu yangu ikalia mezani. Ilikuwa saa ya vidonge vyangu vya presha.

"Umekunywa dawa ?"

Neema akainama juu ya simu, akaisoma ile nafasi.

Najua kosa ni kosa, na wagonjwa wanastahili maandishi safi. Lakini nikibonyeza, Hamisi hataniuliza tena.

Neema amekubali kusubiri. Ninyi mliomfahamu, mngefanyaje?

Nikishaamua, nitawaandikia hapa hapa.