Viatu Mlangoni Siku ya Hitima

Siku hizi kwetu viatu vya wageni vinawekwa bafuni, ndani ya beseni la kuogea. Wageni wapya wanadhani ni mila ya kwetu. Mimi nawaacha wadhani hivyo.

Zamani vilikaa mlangoni. Siku ya hitima ya babu, katikati ya msimu wa theluji, nyumba yetu ya ghorofa ya tisa huko Weston, ughaibuni, ilipokea watu wa kujaza basi, na kila mmoja alivua pale pale: mabuti, makubadhi ya wazee walioapa hawavai mabuti, na viatu vyeusi vya shehe vinavyong'aa kuliko kipara cha mjomba. Vilimwagika hadi nje kwenye korido. Nikawa naviruka na sinia la sambusa, nikitangaza kwamba atakayekufa kwa kujikwaa hapo tutamsomea leo leo, chakula si kipo.

"Wewe msichana wewe," mama akaninong'oneza, akanifinya.

King'ora cha jengo kilipolia hakuna aliyeinuka. Kinalia kila wiki. Shehe alipandisha sauti, wageni wakaitikia amina kwa nguvu, kama wanashindana nacho.

"Kuna mtu kaunguza mkate," mjomba akasema, akachukua sambusa nyingine.

Kisha mtoto wa shangazi, mwenye miaka mitano, akaanza kukohoa chumbani. Ana pumu. Ubani tu wa harusi uliwahi kumlaza hospitali. Shangazi akampulizia dawa yake ya pampu, lakini kikohozi hakikukatika. Mjomba akaenda kuangalia. Hakuchungulia kwenye tundu la mlango, aliufungua mlango wote, na moshi mweusi ukaingia moja kwa moja.

"Tokeni! Tokeni!"

Kila mtu akakimbilia mlangoni, na kila mtu akainama. Naapa. Jengo linaungua, watu wazima wanatafuta viatu.

"Cha kushoto hiki hapa, cha kulia kiko wapi?"

"Dada, hilo buti langu!"

"Vaa lolote, mwanamke, twende!"

"Na baridi hii?"

Nyuma yao, chumbani, mtoto alikuwa anavuta pumzi kwa sauti ya mluzi, mabega yanapanda na kushuka.

Muda si mrefu kabla ya hapo, mtu wa zimamoto alikuja shuleni kwetu. Nilimsikiliza kwa sababu alituokoa na kipindi cha hesabu, na kwa sababu nilitaka kuiga sauti yake wakati wa chakula. Nilimwiga vizuri mno, maneno yake yakanikaa kichwani: korido ikijaa moshi, usitoke. Funga mlango, ziba upenyo, nenda dirishani, piga simu.

"Mjomba, funga mlango!"

"Huu si wakati wa mizaha yako!"

"Sifanyi mzaha! Ngazi ziko mwisho wa korido, hatufiki! Funga!"

Sijui aliona nini usoni mwangu. Akausukuma. Haukufunga. Viatu vilikuwa vimebanwa chini yake, akisukuma vinajikunja tu, na moshi unaendelea kuingia, unafuata dari kuelekea chumbani kwa mtoto.

Nikapiga magoti nikaanza kutupa. Ndani, nje, popote.

"Hivyo ni vya shehe!" mtu akapiga kelele.

"Tupa, mwanangu," shehe mwenyewe akasema. Akapiga magoti kando yangu na kanzu yake nyeupe, akavuta buti lililokwama kwenye bawaba, akavuta tena. Lilipochomoka, mlango ukajifunga kwa kishindo.

Mama tayari alikuwa bafuni. Kanga, taulo, hadi kitambaa cha meza, vyote vikaja vimelowa, tukavishindilia chini ya mlango. Mjomba akawa kwenye simu, anarudia ghorofa na namba ya mlango. Wageni wakatoka nje kwenye roshani, wanakanyaga theluji kwa soksi. Shangazi alimkumbatia mtoto ndani ya koti, uso tu nje.

Tulikuwa tunausikiliza ule mluzi. Ukizidi tunaogopa, ukipungua tunaogopa zaidi.

"Vuta taratibu, baba," shangazi akamwambia. "Taratibu."

Nikatafuta kitu cha kuchekesha, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Sikupata.

Jirani alikuwa ameacha mafuta motoni, akaenda kuzungumza kwenye simu. Zimamoto walipouzima ule moto wakaja kwetu, mabuti yao yanachuruzika maji meusi hadi kwenye zulia, na mama akawapisha tu. Wakamvalisha mtoto barakoa ya oksijeni. Tukasubiri tumemzunguka. Kifua kikaanza kutulia, mluzi ukawa mwembamba, halafu sikuusikia tena. Akafumbua macho, akaishusha barakoa, akamwambia mama yake kwa Kiingereza kwamba ana njaa.

"Sema Kiswahili," shangazi akamjibu, huku analia.