Ukurasa Nilioulowesha

Wasomaji, nisameheni kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu hupanda na kushuka kama kuku waliotishwa, na maneno mengine nimeyaandika kama niyasikiavyo, si kama yapasavyo. Nilisoma miaka mitatu tu, katika shule ya misheni kusini mwa ziwa, na mkono wangu ni mzito. Kurasa hizi chache zimenichukua siku tisa. Nasema haya mapema kwa sababu uzito huo wa mkono umo ndani ya habari yenyewe. Kama ningekuwa mwepesi wa kuandika, labda nisingekuwa na la kuwaandikia.

Sisi tulikuwa wageni wa Rumonge, upande wa kaskazini wa ziwa hilo. Mama alilelewa misheni huko kusini, akabatizwa na kuolewa huko. Baba alikuwa mchuuzi wa chumvi na mawese. Alitupakia mtumbwini nilipomaliza mwaka wangu wa tatu wa shule, akatuleta huku, kisha akaenda kufanya kazi ya reli ya Wadachi, yaani Wajerumani. Hatukupata habari zake tena. Tukabaki wawili, mama na mimi binti yake, katika nyumba ya matete karibu na mchanga wa kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Majirani wetu walikuwa Waislamu waliotoka Ujiji, na Warundi walioshuka kutoka vilimani na maharage yao. Wakristo tulikuwa sisi tu, na kitabu chetu kilikuwa kimoja, Injili nyembamba ambayo mende walikuwa wameila jalada.

Mama hakujua kusoma. Lakini alikuwa na sheria: kila asubuhi, nikishafagia na kabla sijawasha moto, nisome sura moja mpaka mwisho wake. Alikaa mkekani, miguu ameinyoosha, akisikiliza kama mtu anayengoja kuitwa kwa jina. Nikisita alisema, "Endelea."

"Mama, njaa inauma."

"Njaa ina mdomo, itakukumbusha. Moyo ukishinda na njaa haukwambii. Endelea."

Nilikuwa na haya nyingi, na bado ninazo. Watoto wa jirani walisimama nyuma ya ukuta wa matete wakaiga sauti yangu, nami nikazidi kuipunguza. Baadaye nilianza kuruka siku. Mama alipowahi ufukweni kununua samaki wa kukausha, aliporudi aliuliza, "Umesoma?" nami nikajibu, "Nimesoma." Kitabu kilikuwa juu ya kiguzo, hakijaguswa. Siku nyingine nilisoma mwanzo wa sura, nikaona mawazo yake yako kwenye samaki, nikafunga kitabu kabla ya mwisho. Yeye angejuaje? Nami sikuona ubaya. Niliona maneno hayo yatakuwapo kesho, hayana miguu.

Ndipo malale yakaja kwetu. Ugonjwa huu mmeusikia, pengine umepita kwenu pia. Watu wa ufukweni walivimba tezi za shingo, wakakonda, kisha wakaanza kusinzia mchana, tonge likiwa mkononi. Mganga wa Kidachi alipita na askari wake akipapasa shingo za watu, na vichaka vyote vya kando ya mito vikafyekwa. Waliopatikana na tezi walipelekwa kambini kwa wagonjwa. Mama alijifunga kitambaa shingoni akasema ni kwa ajili ya baridi. Hatuna baridi Rumonge.

Sasa yeye mwenyewe ndiye aliyenisihi nisome. Alitaka habari moja tu, ile ya mkubwa mmoja aliyemwendea Bwana Yesu kwa ajili ya binti yake. Mnaijua. Njiani anatokea mwanamke mgonjwa anayegusa vazi, kisha unakuja ujumbe kwamba binti amekwisha kufa, na Bwana anasema amelala tu. Nilianza kusoma, na kila siku mama alisinzia tulipofika kwa yule mwanamke. Kidevu kilishuka kifuani, mate yakamtoka. Nilifunga kitabu. Akiamka aliuliza, "Yule mtoto je?" nami nikasema, "Tutamaliza kesho, mama." Kesho yake tulianza tena mwanzo, na mwanamke yule akamlaza tena.

Jirani yetu wa karibu alikuwa bibi mmoja wa Ujiji, mke wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Alinipenda na kunitania kama bibi na mjukuu.

"Hodi, mke mwenzangu! Mama yako kalala tena?"

"Kalala, bibi."

"Basi mwite mume wetu amwandikie kombe. Ataandika aya kwenye sahani, aioshe kwa maji, mama anywe. Mwenyewe nilipona kwa hilo homa ilipotaka kunizika."

Mama alikuwa amesikia. Alisema bila kufungua macho, "Asante, dada. Mwambie mwalimu namshukuru. Lakini mimi nina kitabu changu."

"Haya, kitabu chako kikuponye," alisema bibi, bila kuudhika. "Dawa ni dawa. Ila unywe kitu, wewe mwanamke, unabaki mifupa."

Maneno yale yaliniingia. Kitabu chako kikuponye. Nilifikiri, kama aya za mwalimu huoshwa na kunywewa, kwa nini si za kwetu? Na ni neno gani lingemfaa mtu wa malale kuliko habari ya binti aliyelala akaamshwa? Kombe la kweli huandikwa kwa mkono. Nilitafuta sahani, nikakoroga masizi na maji, nikaanza kunakili kwa kijiti. Adhuhuri ilifika sijamaliza mistari miwili, na ile miwili ilikuwa imetiririka ikawa tope. Ukurasa ule ulikuwa na maandishi mbele na nyuma. Nilihesabu nikaona utanichukua siku nne. Mama alikuwa akihema kama mtu aliye mbali.

Nikauchomoa ukurasa. Nikauweka katika bakuli la maji, nikangoja wino utoke.

Wino wa mashine hautoki. Nilisugua kwa kidole, herufi zikabaki zilivyo, karatasi ndiyo iliyoanza kukatika. Nilisugua zaidi, nikaikanda, mpaka ikawa uji wa kijivu. Nikamwinua mama kichwa nikamnywesha. Alikohoa, kipande kidogo kikamganda mdomoni, nikakifuta kwa upande wa kanga yangu.

Mwalimu alikuja jioni kumjulia hali. Aliona bakuli na mabaki yake, akauliza. Nilipomweleza alikaa chini kama mtu aliyepigwa.

"Umekilowesha kitabu cha Mungu?"

"Nilitaka kombe, babu."

"Mtoto, kombe linaandikwa kutoka kitabuni, na kitabu kinabaki. Hata mimi ninayeandika, aya ile ninayo kifuani kabla haijafika kwenye sahani. Wewe unayo kifuani?"

Nililitazama bakuli. Yeye hakuwa wa dini yetu, lakini alihuzunika kwa ajili ya Injili yetu kuliko nilivyohuzunika mimi siku ile. Alikusanya yale mabaki kwa mikono yake, akayafukia mahali pasipokanyagwa.

Siku ya tatu baada ya hapo, karibu na saa sita mchana, mama aliamka. Namaanisha aliamka kweli. Macho yalikuwa meupe na safi, akaniita kwa jina langu la utotoni. Chunguni kulikuwa na ndagala na ugali wa muhogo. Aliniambia nimwegemeze ukutani.

"Leo sina usingizi," alisema. "Soma mpaka mwisho."

Nilichukua kitabu. Nilikifungua palipokuwa na pengo, nikaweka kiganja juu yake ili asione, ingawa asingeona tofauti. Mwanzo niliujua, nilikuwa nimeusoma mara nyingi mno. Nilisema habari ya yule mkubwa, nikasema habari ya mwanamke na vazi. Mama hakusinzia. Nilisema ujumbe ulivyofika, na watu walivyocheka waliposikia kwamba binti amelala tu. Nilisema Bwana alimshika mkono akamwita, naye akaamka.

"Akaamka," alisema mama.

"Ndiyo, mama."

"Kisha?"

Nilitazama kiganja changu. Huko mbele sikujua kitu. Misheni nilikuwa nimeisoma habari ile mara moja, nikiwa naogopa zamu yangu ya kusimama. Nyumbani sikuwahi kufika mwisho wake. Ningeweza kusema, mama, sijui, niliuharibu ukurasa. Niliona haya mno. Nikafanya kama ninasoma, kwa sauti ileile ya kusoma.

"Kisha akaimba."

"Aliimba?"

"Aliimba kwa nguvu, na watu wote nyumbani wakasikia, wakajua kwamba amepona."

Nikaona midomo ya mama inajaribu. Ilitoka sauti kidogo, kama mlango unaosukumwa na upepo, ikakatika. Alijaribu tena, ikakatika tena.

"Mimi siwezi kuimba," alisema. "Kifua hakina kitu. Basi huyo aliyeamshwa si mfano wangu."

"Mama, pumzika."

"Si mfano wangu," alirudia, bila hasira, kama mtu aliyeambiwa bei akaona haiwezi. Akateleza polepole kutoka ukutani mpaka mkekani. Hakuniita tena. Alikufa siku ya nne tangu kuamka kule, na bibi wa jirani ndiye aliyenisaidia kumwosha. Ndagala walikuwa wameoza chunguni. Bibi aliwamwaga.

Baadaye sisi tuliobaki tuliamriwa kuondoka ufukweni, tukapanda juu, ambako mbung'o wa malale hawafiki. Huko alipita mwalimu Mkristo kutoka kusini, akiwafuata watu wa misheni waliotawanyika. Aliniuliza kama najua kusoma, akaniachia Agano Jipya zima. Kwa muda mrefu sikufungua mahali pale. Nilipofungua, nilisoma nikiwa nimesimama.

Bwana Yesu hakumwambia yule binti aimbe. Aliwaagiza wazazi wampe chakula.

Ni hilo tu. Fupi hivyo. Mama aliamka akiwa na macho safi, na chungu kilikuwa hatua mbili kutoka mkekani. Kama ningesoma sura ile mpaka mwisho asubuhi yoyote ya zile nilizodanganya, ningekuwa nalo neno lile kifuani, hata bila ukurasa. Ningempa tonge. Sisemi angepona, nimewaona waliokula wakafa. Lakini angeondoka akijua kwamba habari ile ilikuwa yake, mtu dhaifu anayepewa chakula. Mimi nilimfungia mlango kwa neno ambalo halikuandikwa popote, nikalisema kwa sauti ya Injili.

Sasa nasoma kila asubuhi, nikishafagia, sura nzima, kwa sauti. Wanakuja wanawake wawili wa jirani, siku nyingine hawaji, nasoma vilevile. Sisomi ili iwe dawa. Nasoma kwa sababu sijui ni nani ataamka kesho saa sita mchana akaniuliza, "Kisha?" Ikiwa ninyi mna kitabu nyumbani na mnasema kitakuwapo kesho, hata mimi nilisema hivyo. Mpumbavu wa habari hii hakuwa mtu asiyependa Biblia. Niliipenda. Niliiacha juu ya kiguzo tu.

Kuna asubuhi nikifika kwa yule mwanamke wa vazi nasikia mkeka nyuma yangu unachakarika, kama mtu anayejinyoosha. Wale wawili hawasikii. Sigeuki. Naongeza sauti, nasoma mpaka kwenye chakula, nakisema kile chakula mara mbili. Mkeka unatulia, au mimi ndiye ninayetulia, sijui.

Swali langu kwenu ni hili, nanyi mnaojua zaidi msinionee haya kama mimi ninavyowaonea. Mtu akifa ameamini neno alilodanganywa na mtoto wake, je, huko aliko analisikia neno lenyewe linaposomwa huku? Mwalimu yule wa kusini nilimwuliza, akasema nisome tu. Nasoma. Lakini nataka jibu la mtu aliyewahi kuuliza vilevile. Niandikieni, hata mistari miwili, hata kwa mwandiko mbaya kuliko huu. Nitaisoma mpaka mwisho.