Karani Aliyejiita Radi

Kiwanda kile cha magodoro kilikuwa na karani mpole kupita kiasi. Aliomba msamaha akikanyagwa yeye, akaomba tena akipitwa kwenye foleni ya chai, na siku moja alijigonga kwenye kabati la mafaili, kabati nalo likaombwa radhi. Ndiyo maana watu walimwita Mzee Samahani, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa wahasibu.

Fundi wa mtandao, ambaye chumba chake kilikuwa mwisho wa ujia, kimejaa nyaya na joto, alimpenda mzee huyo kama baba yake mdogo. Kwa hiyo mtu aelewe jinsi kichwa kilivyomzunguka kazi ya kumsaka Radi ilipomfikisha kwake.

Radi lilikuwa jina la mtu asiyejulikana, kwenye jukwaa la mtandaoni wanaposemezana wafanyakazi wa viwanda. Maneno yake yalikuwa pilipili. "Barakoa za wakata sponji huu mwaka wa pili hazijafika, ila kapeti la meneja limefika, na mtu wa kulitandika." Au: "Meneja wetu hapandishi mishahara. Anapandisha mabega." Wakata sponji, waliokula vumbi kutwa, walimsoma wakacheka mpaka wakazidi kukohoa. Meneja, mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani, hakucheka. Alimwagiza fundi aweke programu ya kufuatilia kila kompyuta ya ofisini, na tangazo likabandikwa ukutani asije mtu akasema hakuambiwa.

Fundi alitegemea kumnasa mmoja wa vijana wa mauzo, maana wale midomo haiwatulii. Programu ikamwonyesha kompyuta ya karani. Alicheka, akadhani kuna mjanja anayejipenyeza kwenye kiti cha mzee wa watu. Kesho yake akapita na kikombe cha chai kana kwamba ananyoosha miguu, akamkuta Mzee Samahani peke yake, mgongo umepinda, vidole viwili vikitwanga herufi kama anayeua siafu. Aliporudi chumbani kwake, Radi alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuandika. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, lakini hawakusema kama mshindo wenyewe huvaa sweta la kahawia.

Akamwita. Mzee akaja, akakaa kwenye ukingo wa kiti. Fundi hakujua aanzie wapi, akaanzia ukutani.

"Mzee wangu, lile tangazo la kufuatiliwa, si wewe uliyelichapa?"

"Ni mimi, mwanangu. Na nikalibandika mwenyewe."

"Sasa?"

Mzee akafikiri, tena kwa dhati kabisa. "Nilidhani ni la wale wengine," akasema.

Hakutetea hata neno moja aliloandika. Alieleza tu, machozi yakimlengalenga, kwamba akishika kibodi haoni uso wa mtu, na uso ndio unaomtisha. Kustaafu kulikuwa kumekaribia, na akifukuzwa sasa angeondoka mikono mitupu baada ya utu uzima wake wote kwishia pale. Aliomba msamaha mpaka fundi akaona haya badala yake, kisha akatoka kinyumenyume. Fundi akageukia skrini. Kabla chai yake haijapoa, Radi akaandika: "Leo wametuma mtu wa kunitisha. Nimemkazia macho mpaka akainamisha yake."

Fundi alipigwa na butwaa. Mzee mwongo kiasi hiki! Halafu akakumbuka kwamba kweli, aliyeinamisha macho alikuwa yeye, kwa aibu. Sasa nani hasa alikuwa amekaa kwenye kile kiti, aliyelengwalengwa na machozi au asiyetishika? Na kama ni mtu mmoja, anayestahili kufukuzwa ni yupi? Alilizungusha swali hilo siku nzima asijue ashike lipi, aache lipi.

Jioni akamsimulia mkewe bila kutaja jina. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, hakuona ajabu yoyote. Alisema hata yeye ana waume wawili: mmoja humtumia ujumbe mkali mchana kwamba leo watatambuana, mwingine huingia jioni akiuliza kwa adabu kama kuna maji ya kuoga. Fundi alichukua simu, akaenda kukaa barazani, akamwandikia meneja:

"Kazi yangu ni kulinda mitambo, siyo kuuza watu. Barakoa ni haki yao. Jina silitoi, hata ukinifukuza."

Akatuma, akajiona amerefuka. Jibu likaja hata hajainuka: kesho aje na jina, au aje na barua ya kuacha kazi.

Asubuhi aliingia kwa meneja shingo ameikaza, maneno ameyapanga. Alikuwa amejiandaa kwa mama wa ule ujumbe, akamkuta mwingine kabisa. Huyu alimsogezea kiti, akamuuliza hali ya watoto, akasema hakupata usingizi. Barakoa ameziomba makao makuu mpaka amechoka, na kwenye jukwaa anatukanwa yeye. Habari ya kufukuzana hakuigusa. Sauti yake ilikuwa ndogo, fundi akalazimika kuinama ili amsikie.

"Nisaidie tu, fundi," akasema. "Ni nani?"

Na fundi akamwambia. Mpaka leo hajui ilikuwaje. Hakubanwa, hakupigiwa meza, hakuahidiwa kitu. Jina lilitoka lenyewe, kwa wepesi, kama mtu aliyeulizwa saa. Alisimama ujiani nyuma ya mlango uliofungwa akijitafuta, asijue kama yeye ndiye yule wa barazani au huyu, na moyo ukimuuma kwa ajili ya wote wawili.

Kabla ya mchana Mzee Samahani akatokea mlangoni kwake, mfuko wa vitu vyake mkononi. Hakuingia.

"Meneja amenionyesha ulivyoandika," akasema. "Halafu akaniambia ulivyosema."

Fundi alinyanyuka kumpokea mfuko.

"Mimi nimeamua kuondoka na ulichoandika, mwanangu. Ulichosema, baki nacho wewe."