Damu ya Ng'ombe na Kamera ya Daktari

Nakumbuka siku ile, mwanangu, ingawa sina hakika kama nitaieleza sawasawa. Mume wangu alitapika damu, kijijini kwetu Nainokanoka. Kabla ya hapo choo chake kilikuwa cheusi kama lami, nasi tukasema ni mitishamba aliyokunywa inasafisha tumbo. Tena alikuwa akimeza vidonge vya maumivu ya magoti bila kula.

Tukiwa tunasubiri gari la kwenda Karatu, mama mkwe alimnywesha kibuyu cha damu mbichi ya ng'ombe na maziwa. Simlaumu. Kwetu aliyepoteza damu hurudishiwa damu. Hata mimi nilipojifungua, ndiyo iliyonisimamisha.

Hospitalini daktari alimwingizia mpira wenye kamera mdomoni hadi tumboni, akatoka na jasho usoni. "Tumbo limejaa damu, sioni inakotoka. Amekula nini?"

Nikatazama sakafu. Mkwe amesimama pale pale, nitamwaibishaje mbele za watu? Na midomo ya mume wangu ilishakuwa myeupe.

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe, umemeza ulimi? Unaniogopa mimi kuliko kaburi la mwanangu? Daktari, nilimnywesha mimi. Damu ya ng'ombe."

Daktari hakumcheka. Wakainyonya ile damu kwa mashine, akatazama tena, akakiona kidonda: nyuma ya kona ya utumbo, juu ya mshipa mkubwa. Akachoma sindano kupitia ule mpira. Damu ikakata, kisha ikaanza tena.

"Hapa kamera haifiki vizuri," akasema. "Tukiendelea kujaribu atatufia mikononi. Apasuliwe sasa, na anahitaji damu."

Mama mkwe akakunja shuka lake, akanyoosha mkono. "Ya ng'ombe mmeikataa. Haya, pimeni yangu."

Ikafaa. Mume wangu akapasuliwa, akapona.

Mwanangu, mimi si msomi, lakini hili nalijua. Choo kikiwa cheusi kama lami, au ukitapika damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Njiani usipewe kitu mdomoni, hata maziwa. Vidonge vya maumivu usivimeze hovyo; ndivyo vilivyomletea kidonda. Ukiulizwa, sema yote, hata mkwe akiwa amesimama hapo. Na daktari akisema kamera imeshindwa, usimrudishe mgonjwa nyumbani kwa kuogopa kisu.

Mungu akupe tumbo tulivu, na siku ukiugua, akuwekee kando ya kitanda mtu asiyeona haya kusema kweli.